Motokari ya Zamani Katika Lupango: Tuiuzishe kwa Kilo, ao Tuiamushe?



Juma hili tunaongea juu ya kitu chenye wengi kati yetu tunapita pembeni yake kila asubuhi na ndoo ya maji kichwani, bila kukiangalia tena: motokari ya zamani yenye imelala katika lupango. Moja iko chini ya muembe, na kuku wanataga mayai kwenye kiti cha nyuma. Ingine imefunikwa na bashi yenye imepasuka. Ingine haina tena mipira, imewekwa juu ya matofali sawa vile mugonjwa juu ya kitanda. Na kila juma wanunuzi wa mitrai wanapita katika avenue na mukokoteni wao, wanaangalia juu ya ukuta, wanauliza: «Mama, hii muko naifanyia nini?»

Mama mumoja mujane alituletea ulizo lake. Bwana yake alikufa na kuacha Peugeot 404 yenye haijatembea tangu miaka mingi. Mununuzi wa mitrai anataka kuikata na kuibeba kwa kilo. Shemeji zake wanasema: «Ni motokari ya kaka yetu, inapaswa kurudia ukoo.» Kijana wake na binti yake wanamulilia: «Mama, usiitoe, tutaitengeneza.» Na yeye mwenyewe, wakati anafungua mulango wa mbele, harufu ya ile simili na ya esansi inamurudishia bwana yake mbele ya macho. Anauliza: «Nifuate nani?»

Ulizo hilo si la chuma tu. Ndani yake kuko kilio, kuko feza ya masomo, kuko haki ya mujane, na kuko watoto wawili wenye wanatafuta kazi ya mikono. Tulijibu ulizo lake, lakini tuliona ni vizuri tujibu mbele ya wote, juu motokari za namna hiyo ziko katika lupango nyingi.

MOYO HAUPIMWE KWA KILO

Kwanza tuseme hivi: mutu mwenye kupenda motokari ya zamani si mujinga. Wamama wengi tunafanya ile motokari kuwa kama bibi wa pili wa bwana yetu. Siku ya Yenga, pahali pa kukaa na watoto, yeye anafungua kapo na kuingiza kichwa ndani. Tunakasirika, na tuko na sababu. Lakini tujue pia ni nini yeye anaona pale.

Peugeot 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1960. Umbo lake lilichorwa na watu wa Pininfarina, nyumba ya Italia yenye kujulikana sana kwa kazi ya kuchora motokari. Kulikuwa ile ya kawaida, kulikuwa bashe ya kubeba mizigo, na kulikuwa ile ya jamaa yenye mistari mitatu ya viti: papa na mama mbele, wakubwa katikati, wadogo nyuma, na mizigo yote juu ya paa. Wale kati yetu wenye walikomalia Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi wanajua tunaongea nini. Safari moja ya kwenda kusalimia nyanya, muhogo na makala kwa kurudia, na watoto wanaimba mupaka sauti inaisha.

Kisha mwaka wa 1968, 504 ikafuata. Mwaka wa 1969 ilichaguliwa kuwa motokari ya mwaka katika Ulaya. Zaidi ya milioni 3 zilitengenezwa. Ufaransa waliacha kutengeneza ile ya kawaida mwaka wa 1983, lakini Afrika haikuiacha: huko Nigeria, katika muji wa Kaduna, kazi iliendelea hata kisha mwaka wa 2000. Juu ya nini? Juu ilikuwa ya kimo kizuri kutoka chini, springi zake zilimeza mashimo, na mutor yake ilikuwa rahisi kutengeneza. Barabara zetu hazikuiogopesha.

Hata mashindano yalionyesha jambo hilo. Kwenye Safari Rally ya Afrika ya Mashariki, yenye ilianza mwaka wa 1953 na yenye ilijulikana kwa matope, vumbi na mito yenye kufurika, Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo, mwaka wa 1966 na 1967, shofere alikuwa Bert Shankland, mwenye aliishi Dar es Salaam. 504 nayo ilishinda mwaka wa 1975 na 1978. Kwa hiyo, wakati muzee anasema «hii ilikuwa motokari ya kweli», hatuwezi kumubishia sana.

Na haiko Peugeot tu. Kuko Volkswagen yenye mugongo wa kobe, ile yenye mutor iko nyuma na inapozwa na upepo, bila radiateri, bila maji. Zaidi ya milioni 21 zilitoka, na ya mwisho ilitoka Puebla, katika inchi ya Mexico, mwezi wa 7 mwaka wa 2003. Kuko pia Land Rover za zamani. Zilianza mwaka wa 1948, wakati chuma kilikuwa haba kisha vita, na ndiyo sababu mwili wake ulifanywa na aluminiumu. Wengi kati yetu tulifikishwa maternite ao tulipelekwa hospitali ndani ya moja ya namna hiyo.

Leo motokari nyingi zenye tunapanda hapa kwetu zinakuja zikiwa zimetumiwa tayari, zinapitia Dar es Salaam mupaka Kasumbalesa, na volani kuume, hata kama sisi tunatembea kuume. Ni za musaada, hatuzizarau. Lakini hazikubeba arusi ya wazazi wetu. Ile 404 iliibeba.

MWANAMUKE ALIKUWA NDANI TANGU MWANZO

Kuko watu wenye kusema: «Motokari ni mambo ya wanaume.» Tuwapatie habari hii.

Mwaka wa 1886, mujerumani Carl Benz alipata hati ya motokari yake ya magurudumu matatu. Ili aweze kufanya kazi, bibi yake, Bertha, alikuwa ametoa feza ya mahari yake, kwa kuwa kwao musichana ndiye alikuwa anaingia katika ndoa na mali. Motokari ikawa tayari, lakini watu hawakuitaka. Waliicheka. Bwana yeye alikuwa anaitengeneza na kuitengeneza tena, anaogopa kuitoa njiani.

Mwezi wa 8 mwaka wa 1888, asubuhi na mapema, Bertha aliamusha vijana wake wawili, Eugen na Richard, akatoa motokari bila kumuambia bwana, na akaanza safari ya kutoka Mannheim mupaka Pforzheim kwa mama yake. Kilometa zaidi ya 100. Hakuna mutu mwenye alikuwa amefanya safari ya urefu huo na motokari mbele yake. Hapakuwa stasio ya esansi: alinunua mafuta ya kusafishia nguo katika farmasi, kwenye muji mudogo wa Wiesloch. Tiyo ya mafuta iliziba: aliizibua kwa pini ya kofia yake. Waya moja ilichunika: aliifunika na mukanda wa soksi yake. Freni za mbao ziliisha: aliomba fundi wa viatu apigilie ngozi juu yake. Na ile ngozi ndiyo ilifungua njia ya freni zenye kuvalishwa, zenye tunatumia mupaka leo.

Wamama, tuangalie vizuri. Pini, mukanda wa soksi, ngozi ya viatu: vitu vya mwanamuke mwenye kuona mbele. Kama Bertha angengojea ruhusa, pengine ile motokari ingefia katika karakana. Kwa hiyo, binti wa yule mujane mwenye kusema «nitaitengeneza» haombi kitu cha ajabu.

NENO LA KWANZA: KARATASI

Mbele ya kushika kle hata moja, tushike karatasi. Hapa ndipo wajane wengi wanapoteza.

Sheria ya jamaa ya inchi yetu, Code de la famille, ni ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 1987, na ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 2016. Inasema wazi nani anariti. Kundi la kwanza ni watoto wa marehemu: wale wa ndani ya ndoa, na wale wa inje wenye baba aliwakubali wakati alikuwa muzima. Wao wanapata mafungu matatu kati ya mane ya uriti. Fungu la ine linagawanywa kwa kundi la pili: mujane ao mujane mwanaume, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Tena, kama ndoa iliandikwa kwenye etat-civil na hamukuchagua namna ingine, vitu vyenye mulipata pamoja ndani ya ndoa ni vya ninyi wawili. Nusu ya mama inatoka kwanza, kisha ndiyo wanagawanya uriti.

Kwa hiyo shemeji hawezi kuingia na kamba asubuhi moja na kuvuta motokari, eti ni ya ukoo. Anaweza kuwa na kipande kidogo, ndiyo. Lakini watoto wako mbele yake, na mama pia ana fasi yake. Tena, mama naye asikimbilie kuiuzisha kwa mununuzi wa mitrai ili amalize maneno. Hiyo itazaa maneno mengine. Inaomba jamaa ikae, iongee, na iandike yenye imekubaliwa. Kama hawasikilizane, muende pamoja kuuliza mutetezi wa haki ao mutumishi wa etat-civil ya commune yenu.

Tafuteni carte rose. Angalieni nambari yenye imepigwa kwenye chuma cha motokari, kama inapatana na ile ya karatasi. Wekeni pamoja asiransi za zamani, fakitire za piesi, hata picha ya arusi yenye kuonyesha plaki. Fanyeni fotokopi na muiache kwa mutu mwenye munatumainia. Motokari bila karatasi, hata mukiipaka rangi ya zahabu, polisi wa kwanza wa njiani ataifanya kuwa mateso.

JE, MUGONJWA ANAWEZA KUPONA?

Watoto wa mujane wanauliza kama inawezekana. Jibu: mara nyingi ndiyo, na sababu ni ile yenye tulisema. Motokari ya zamani haina ordinatere ndani. Mutor inaomba vitu vitatu tu: mafuta, upepo, na cheche ya moto kwa wakati unaofaa. Karbiratari inafunguliwa, inasafishwa, inarudishwa. Buji inakwanguliwa na burosi ya chuma. Mutu mwenye macho na uvumilivu anaweza kuona ugonjwa uko wapi.

Lakini kuko kansa moja, na jina lake ni kutu. Mutor yenye imekufa inaweza kubadilishwa. Shasi yenye imeoza ni kazi ingine kabisa. Hata Land Rover, yenye mwili wa aluminiumu unaongaa, chini yake shasi ni ya chuma na inaoza kwa siri. Ndiyo sababu, mbele ya kulipa fundi, fanyeni mupimo huu wa bure. Mushike turnevisi, muinamie chini ya milango, pembeni ya magurudumu, fasi ya springi inashikilia, na chini ya tapi ya miguu. Mupige pole pole kwa kishikio. Chuma kizima kinalia. Chuma chenye kimeoza kinanyamaza, ao turnevisi inaingia ndani. Kama inaingia hapa na pale kwenye milango, fundi wa toli atakata na kulehemu. Kama inaingia fasi zote za kubeba uzito, mufikiri mara mbili.

Kama shasi ni nzima, fuateni njia hii.

Kwanza, picha. Mbele ya kufungua vis hata moja, mutoto apige picha na telefone, kila fasi, kila waya. Kisha, kila kitu chenye kutoka kiingie katika kopo ao mufuko wenye jina: «mulango wa mbele, kushoto». Motokari nyingi hazikufa na ugonjwa. Zilikufa juu zilifunguliwa, vis zikachanganyika, na hakuna mutu mwenye alikumbuka namna ya kufunga.

Pili, musiamushe mutor kwa nguvu. Mutor yenye imelala miaka mingi iko kavu. Mukiizungusha na batri siku ya kwanza, inaweza kujikwangua ndani na kufa mara moja. Mutoe buji, mumwange mafuta kidogo ya mutor katika kila silindri, muiache siku moja ao zaidi. Kisha fundi aizungushe kwa mukono, pole pole. Wakati inazunguka bila kukwama, hapo ndipo munaweza kushangilia.

Tatu, mumwange esansi ya zamani. Inakuwa kama gundi na inanuka kama rangi yenye imeharibika. Musafishe rezervuari, mubadilishe tiyo zote za mpira, juu za zamani zinapasuka na kumwanga esansi juu ya mutor yenye kuwaka moto. Nyumba zimeungua hivyo.

Ine, freni mbele ya rangi. Hapa tunasema kwa sauti. Mafundi wengi, na mabwana wengi, wanakimbilia rangi juu inaonekana na majirani wanasifu. Lakini motokari yenye kuongaa na bila freni ni sanduku la maiti lenye kupakwa rangi. Kwanza isimame, kisha itembee, kisha ipendeze.

WATOTO WETU NA SUMU YA ZAMANI

Mafundi hawaongee sana mambo haya, lakini sisi wamama inatupasa kuyaongea.

Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake, ile madini yenye Wafaransa wanaita plomb. Wakati fundi anasugua rangi na papie ya vere katika lupango, vumbi inaruka, inaanguka juu ya sahani, juu ya nguo kwenye kamba, juu ya mikono ya mutoto mwenye kutambaa. Risasi inaharibu ubongo wa mutoto, na mwanamuke mwenye mimba anaweza kuipitisha kwa mutoto wa tumbo. Kwa hiyo: kusugua kufanywe mbali na nyumba, papie ikilowana na maji ili vumbi isiruke, na fundi abadilishe nguo mbele ya kushika watoto. Hata esansi ya zamani ilikuwa na risasi. Inchi zetu za Afrika, zenye ziko chini ya Sahara, ziliiacha mupaka mwaka wa 2006, na inchi ya mwisho katika dunia yote, Algeria, iliiacha mwaka wa 2021.

Freni za zamani nazo zilikuwa na amianti, unyuzi mudogo sana wenye kuingia katika mapafu na kuleta kansa kisha miaka mingi. Musiruhusu kijana apulize ile vumbi na kinywa ao na pompi. Aipanguse na kitambaa chenye kulowana, kisha kitambaa kitupwe katika mufuko wenye kufungwa.

Maneno mengine ni mafupi. Mutu asiingie chini ya motokari yenye kushikiliwa na kriki peke yake. Wekeni viegemeo vya nguvu. Mutor isiwake ndani ya garaji yenye kufungwa, juu ndani ya moshi wake kuko gazi yenye kuua, yenye haina harufu. Maji ya batri yanachoma macho. Mafuta yenye kutoka mutor yasimwangwe karibu na kisima. Na kama motokari inangojea tu, kofri na milango zifungwe na funguo, juu mutoto anaweza kujificha ndani wakati wa mchezo, ikamufungia, na jua la hapa kwetu halingojee.

FASI YA SINDANO YETU

Sasa furaha. Wengi kati yetu tuko na mashini ya kushona, na tunashindana wote juu ya yuniforme za masomo na kitambaa cha siku ya 8 mwezi wa 3. Viti vya motokari ni kazi ya sindano pia.

Kiti cha zamani kiko na springi za chuma chini, juu yake nyuzi za nazi, manyoya ao musi, na juu kabisa kitambaa ao simili. Njia ya kukifanya si uchawi. Munatoa kifuniko cha zamani bila kukipasua, munafungua mishono yake moja moja, na vile vipande vinakuwa patroni yenu. Munakata simili mupya kwa kufuata, munaacha santimeta moja ya mushono, munatumia sindano kubwa ya ngozi na uzi wa nailoni. Mashini nyepesi ya nyumba inaweza kukataa mikunjo mine ya simili. Ile ya kanyagio ya chuma, ile ya nyanya zetu, mara nyingi inakubali. Nayo pia ni mashini ya zamani yenye kungojea tu mafuta na mukanda mupya.

Kundi lenye kujua kushona kiti kimoja cha motokari linaweza kushona pia viti vya minibisi za taksi, vya moto, vya salon. Wateja wa hiyo kazi hawaishe.

DAFTARI MBELE YA KLE

Tunarudia kwenye feza, juu ndiyo yenye kuvunja nyumba. Tuseme ukweli: ni mara chache motokari ya zamani inarudisha feza yote yenye iliingia ndani yake. Mwenye kuitengeneza kwa upendo anapata furaha, si faida. Kwa hiyo upendo huo uwekewe mupaka.

Mushike daftari moja, bwana na bibi, na muandike pamoja. Minervali ya watoto, chakula, dawa na nyumba vinatoka kwanza. Yenye inabakia, munakubaliana kipande kidogo cha kila mwezi. Mwezi wenye hakuna, motokari inangojea; imengojea miaka 20, haitakufa kwa mwezi moja. Musichukue mukopo wa AVEC ao zamu ya likelemba kwa kununua rangi. Fundi asilipwe yote mbele. Alipwe kwa kipande: freni zimefanya kazi, analipwa. Mutor imewaka, analipwa. Na piesi zinunuliwe na mutu wa jamaa akiwa pale, piesi ya zamani ikirudishwa mukononi mwake.

Kama mupimo wa turnevisi ulionyesha kama shasi imekufa, musilie sana, na musiikubali bei ya kilo haraka. Ile motokari inaweza kuponesha zingine. Taa, vitasa, vioo, mistari ya nikeli, karbiratari, milango mizima: mutu mwenye anatengeneza 404 yake atatafuta hivyo mupaka Likasi na Kolwezi. Uzisheni kwa piesi, kisha mabakio ndiyo yaende kwa mitrai. Na mubakishe kitu kimoja kwa ukumbusho. Volani ya baba kwenye ukuta wa salon haikule esansi.

JIBU KWA MAMA WETU

Kwa hiyo, mama mupenzi, tunakujibu hivi. Usifuate mununuzi wa mitrai mwezi huu. Bei yake ya leo atakuwa nayo hata kisha miezi sita. Usifuate shemeji mbele ya kukaa na watu wenye kujua sheria, lakini uwaite kwa heshima, uwapatie kiti na maji, na mambo yaandikwe. Watoto usiwafuate kwa machozi. Uwafuate kwa mapatano. Kijana na binti waende kwa fundi mumoja muaminifu kila Siku ya Posho, wote wawili, si kijana peke yake. Wapatiwe mupimo wa turnevisi kwanza, kisha kazi moja: freni ya gurudumu moja. Kama wanaimaliza vizuri, gurudumu la pili. Kama wanachoka kisha majuma mawili, umejua, na hukupoteza kitu.

Na kama wanaendelea? Siku ile mutor itakohoa, itatoa moshi mweupe na kushika, kuku watakimbia, majirani watatoka. Utakuwa na motokari, pengine. Lakini hata kama haitafika mbali, utakuwa na watoto wawili wenye wanajua kazi, na jina la baba yao litakuwa limeitwa katika lupango kwa furaha, si kwa kugombana.

MAULIZO YA KUONGEA KATIKA KUNDI

1. Ni kitu gani cha zamani katika lupango yetu chenye kinaweza kutengenezwa kuliko kuuzishwa kwa kilo: motokari, mashini ya kushona, kinu, radio?

2. Je, kila mumoja wetu anajua fasi karatasi za ndoa na za vitu vya nyumba ziko? Nani ana fotokopi?

3. Katika avenue yetu, kuko fundi mwenye anakubali kufundisha wasichana? Tumuombe nini, na sisi tumupatie nini?

4. Kati yetu nani anajua kushona simili, na anaweza kuonyesha wengine siku moja?

Yenye mutapata katika mazungumuzo yenu, muandike na muitume kwa wakubwa wa kundi, tutaisoma. Juma lenye kuja tutaongea juu ya akiba ya unga mbele ya miezi ya njaa. Mubaki salama, wamama.